Mwanamke Mwingine Kinywani Mwangu

Fréhisse, 15 Februari 1993

Ludivine,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Huku kuna baridi, mto umefurika mpaka kwenye bustani ya Collignon, na baba yako bado anachechemea. Nimemwambia aende kwa daktari, ananijibu goti ni lake. Juzi nilimpelekea pai ya wali. Aliimaliza yote, halafu akalalamika kwamba imekauka. Kwa hiyo kaka yangu ni mzima.

Sasa lile lililonifanya nishike kalamu.

Jana mchana filamu yenu ilionyeshwa kwenye ukumbi wa parokia. Watu walijaa mpaka wakaegemea kuta. Wenzangu wa kikundi cha maigizo walikaa mstari wa mbele, wamevaa kama wako harusini, maana baada ya miaka arobaini ya kupanda jukwaa lile lile lenye mbao zinazolia, mmoja wetu alikuwa amefika kwenye sinema. Mimi nilikaa katikati na kofia mpya. Taa zikazimwa. Nikajiona natoka mlangoni, mjane aliyeachiwa njiwa arobaini wa mashindano na mume asiyewahi kumuuliza kama anawapenda. Nilijipenda, sikufichi. Nikafungua mdomo kumwita jirani.

Akaongea mwanamke mwingine.

Mdomo ni wangu. Meno ni yangu, hata lile lililovunjika. Sauti ni ya bibi mmoja wa Paris, imepigwa pasi kama kitambaa cha meza cha padri. Collignon akapiga kelele, "Fundi, rekebisha mashine!" Fundi akajibu kwamba mashine haina tatizo. Mtu mwingine akauliza, "Firmine, walikulisha nini wale?" Watu wakacheka kidogo, halafu wakaacha, na kuacha kwao ndiko kulikoniumiza. Lilipofika tukio la njiwa aliyegoma kushuka kutoka juu ya paa, tukio langu, yule bibi alilia vizuri sana. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyelia. Kuna mtu alipenga kamasi, kwa sababu ya mafua.

Baadaye tulikunywa kahawa, watu wakazungumzia mafuriko. Miaka arobaini, Ludivine, sijawahi kushuka jukwaani watu wakazungumzia mafuriko.

Wewe ndiye uliyemleta huyo mwongozaji wako, Malbranque, hapa kijijini. Wewe ndiye unayekaa naye kwenye chumba cha kuunganisha sauti. Nani aliyeitoa yangu? Nataka jina.

Shangazi yako,
Firmine


Paris, 9 Machi 1993

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa kujibu, tumeanza filamu nyingine na nafika nyumbani nimechoka hata kuvua koti. Nimefurahi kusikia Baba anakula vizuri. Mwambie ajifunge kitambaa cha sufu kwenye goti. Mimi sijambo. Nimehamia chumba kingine, kina dirisha.

Kuhusu sauti, hilo ni jambo la kiufundi. Siku tuliyopiga picha tukio la paa kulikuwa na upepo, na kelele za machimbo ya mawe ng'ambo ya mto ziliingia kwenye mikanda. Ikitokea hivyo, sauti hurekodiwa upya studioni, na kwa kuwa wewe uko mbali, alitafutwa mwigizaji aliye karibu. Bibi Éliane Vautrain ni mtu mwenye heshima sana katika kazi hii. Ni utaratibu wa kawaida, wala haumaanishi kwamba hukucheza vizuri. Gazeti moja la hapa limeandika kwamba uso wako ni mandhari kamili.

Nisalimie kikundi kizima.

Ludivine wako


Fréhisse, 16 Machi 1993

Ludivine,

Maji yamepungua, Collignon anachota tope na kutukana. Baba yako amekataa kitambaa cha sufu.

Mandhari! Kilima cha nyuma ya kanisa nacho ni mandhari, na hakijawahi kukariri mistari.

Nilisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza niliiamini, kwa sababu ni wewe. Mara ya pili nikaiweka mezani nikaitazama kama samaki anayenuka. Machimbo gani, mwanangu? Tulipiga picha Jumapili. Malbranque mwenyewe alitaka iwe Jumapili, ili apate ile hali ya mtaa kungoja njiwa warudi. Umesahau? Kila nyumba huanua nguo kwenye kamba ili njiwa wasiogope kutua. Watoto hufungiwa ndani. Mbwa wa Collignon hutiwa stoo. Hata padri hapigi kengele mpaka njiwa wa kwanza aingie na pete yake ipigwe muhuri wa saa, maana bila muhuri huo hajashinda. Machimbo hayajawahi kufanya kazi Jumapili tangu kabla hujazaliwa. Ulizaliwa mtaa huu. Umedanganya kama mgeni.

Jumamosi nilipanda treni mpaka mjini Huy, kwa Bwana Wathieu, fundi wenu aliyenasa sauti. Nilimpelekea jamu ya plamu. Mtu mpole yule, masikio makubwa. Alikuwa na nakala ya mkanda. Akanivisha vile vidude vya masikioni, nikajisikia. Nikasikia hata kucha za njiwa kwenye vigae. Nikamuuliza, "Bwana Wathieu, huu mkanda una tatizo gani?" Akaniambia, "Mama, huu ndio mkanda safi kuliko yote niliyorekodi mwaka ule." Aliona aibu kwa niaba yako. Mimi pia.

Sasa niandikie tena, na safari hii uandike ukweli.

Firmine


Fréhisse, 2 Mei 1993

Ludivine,

Wiki saba. Huku tumeshapanda viazi.

Baba yako ananiambia ulimpigia simu siku ya kuzaliwa kwake, mkaongea robo saa juu ya paka. Kwa hiyo vidole vyako vinaweza kuzungusha namba, na mdomo wako unafanya kazi. Mimi ndiye niliyetolewa sauti, lakini naona wewe ndiye uliyekuwa bubu.

F.


Paris, 23 Mei 1993

Shangazi,

Shikamoo. Nimeanza barua hii mara tano. Sitakuandikia habari za afya, kwa sababu kila ninapoanza nazo najikuta najificha nyuma yake.

Mkanda haukuwa na tatizo. Bwana Wathieu amesema kweli.

Novemba tulionyesha filamu kwa watu wachache hapa Paris kabla haijakamilika, kama inavyofanywa, ili kuona inapokelewaje. Walikuwa watu kama mia, ukumbi wa viti vyekundu. Wakati huo sauti ilikuwa bado yako. Nilikaa nyuma. Ulipotoka mlangoni nilijivuna mpaka nikashindwa kukaa sawa. Halafu likaja tukio la paa. Unasimama uani peke yako, njiwa wa marehemu mumeo amerudi nyumbani wa kwanza kati ya njiwa wote wa mkoa, lakini amekaa juu ya paa, haingii, na dakika zinakwenda. Unaanza kumsihi, na katikati ya kumsihi unaanza kumlilia mumeo, kwa mara ya kwanza katika filamu nzima. Ndilo tukio lenye uchungu kuliko yote.

Wakacheka, Shangazi. Ukumbi mzima. Mwanamke aliyekaa mbele yangu alirudia maneno yako kwa mumewe, akiyaburuta kama unavyoyaburuta wewe, wakacheka tena wote wawili. Wewe unalia pale kwenye skrini, na wao wanaicheka lafudhi yako.

Sikuweza kuvumilia. Nilitaka kukulinda. Baada ya onyesho Malbranque alinivuta pembeni akaniuliza jambo, kwa sababu mimi ni wa huko. Nikamjibu. Kutokana na jibu hilo ukaja uamuzi wa kuweka sauti ya Bibi Vautrain.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Najua haitoshi.

Ludivine


Fréhisse, 27 Mei 1993

Ludivine,

Barua yako imefika leo asubuhi na najibu leo leo, tofauti na wengine.

Mambo mawili.

La kwanza: walicheka wapi? Usiniambie "kwenye tukio la paa". Lile tukio lina dakika nne. Kwenye neno gani?

La pili: alikuuliza nini, na ulimjibu nini? Unaandika "nikamjibu" na kuruka haraka kama mtu aliyekanyaga mavi ya kuku. Rudi hapo. Simama hapo.

Firmine


Paris, 20 Juni 1993

Shangazi,

Nitajibu kama ulivyouliza.

Walicheka ulipomwambia njiwa: "Basi kaa huko. Supu iko jikoni, na sufuria bado ina nafasi." Machozi yalikuwa yanakutiririka mpaka kidevuni. Mwanamke wa mbele yangu alirudia hayo hayo, "sufuria bado ina nafasi".

Malbranque aliniuliza, "Niambie kweli, kwenu watu wanaongea hivi, au shangazi yako anaigiza?" Nilimwambia: "Kwetu hakuna anayesema hivyo tena."

Hilo ndilo nililosema. Akashukuru. Aliniamini, kwa nini asiniamini?

Nilipofika hapa kwenye shule ya sinema, mwaka wa kwanza, mwalimu alinisimamisha nisome ukurasa mmoja mbele ya darasa. Niliposoma mstari wa pili wakaanza. Hakuna aliyenitukana. Walikuwa wanatabasamu tu, kama unavyomtabasamia mtoto aliyevaa viatu vya mama yake. Mwaka ule nilijifunza kuongea upya. Nilijirekodi, nikajisikiliza, nikakata. Nilijifunza kuzifupisha sauti, kupanda mwishoni mwa swali kama wao, hata kusema "sitini na kumi" kama wao, badala ya sabini yetu. Nilifanikiwa. Watu hawaniulizi tena nimetoka wapi. Na mchana ule, kwenye viti vyekundu, ulipofungua mdomo, kile kitu chote nilichokikata kilisimama mbele ya watu mia kikiwa na urefu wa mita nne, na kikachekwa. Nadhani sikukulinda wewe.

Kuna jambo lingine hukuliuliza, lakini nikiliacha nitakuwa nimedanganya tena. Bibi Vautrain alirekodi kwa siku mbili. Mimi ndiye niliyekaa naye. Alikuwa anashindwa kwenda sawa na midomo yako, anawahi au anachelewa. Nilimwonyesha wapi unavuta pumzi. Najua kila pumzi yako kwenye lile tukio. Nilimpa zote.

Ludivine


Fréhisse, 1 Julai 1993

Ludivine,

Nilikaa siku nne na barua yako mfukoni mwa aproni kabla ya kuweza kuandika bila kuichana karatasi.

HAPO NDIPO NILIPOTAKA WACHEKE, mpumbavu wewe!

Unadhani lile neno la sufuria lilianguka tu kutoka mdomoni mwangu kwa bahati mbaya? Halikuwemo kwenye karatasi za Malbranque. Karatasi zake zilisema: "Mjane analia." Nilimwambia, "Bwana, mwanamke wa hapa halii hivi hivi, analia akiwa anatukana." Akaniambia nijaribu. Nilijaribu jikoni kwangu wiki tatu, muulize baba yako, alidhani nimepata kichaa. Nilitafuta neno litakalowafanya wacheke wakati machozi yangu bado yako njiani, ili kicheko kikishawafungua, kinachofuata kiingie. Kinachofuata ni nini? Wewe unajua, si ulizihesabu pumzi zangu. Nanyamaza. Natazama paa. Nasema, "Shuka, Arthur." Arthur ni jina la mume, siyo la njiwa. Walipomaliza kucheka sufuria, walifanya nini kwenye Arthur? Mbona hukuniandikia? Walinyamaza, sivyo? Naapa walinyamaza. Watu mia wa Paris walikuwa mkononi mwangu kama kifaranga, na wewe ukauchukua mkono ukaukata.

Na yule mwanamke aliyerudia maneno yangu kwa mumewe! Unajua tukitoka jukwaani tunangoja nini? Tunangoja mtu arudie mstari wetu akiwa anavaa koti. Tukisikia hivyo tunajua kazi imekwisha vizuri. Huyo mama wa watu alinipa zawadi, na wewe ukaniletea tusi.

Umesoma kuliko sisi sote. Nililia kwa furaha ulipopata nafasi ile shuleni, nikapika kwa mtaa mzima. Sasa nauliza, walikufundisha sauti miaka mitano, na hukuwahi kufundishwa kutofautisha mtu anayekucheka na mtu anayecheka kwa sababu umemchekesha?

Waliokutabasamia darasani, hao nawachukia hata bila kuwaona. Lakini hao hawakuwa mimi. Mimi nilikuwa nakupenda, na kisasi chao ukakilipiza kwangu.

Sasa sikiliza ninachotaka. Kwanza, nenda kwa Malbranque ukamwambie ulidanganya. Pili, andika ukurasa mmoja, kwa mkono wako, useme ulichokisema na ulichokifanya. Tarehe kumi na saba Oktoba tunafungua msimu wa maigizo ukumbini. Nitausoma mbele ya watu kabla ya pazia. Wenzangu bado wanadhani nilikuwa mbaya mpaka ikabidi nifichwe. Hawasemi, lakini wamenipa nafasi ya mfungua mlango msimu huu. Mistari miwili.

Usiponiandikia, usije tena mlangoni kwangu.

Firmine


Paris, 12 Septemba 1993

Shangazi,

Shikamoo. Nilikuwa nimeamua kukataa. Majira yote ya joto nilikuandikia kichwani barua za kukataa, zote zilikuwa na hoja nzuri. Kwamba Baba atakuwepo. Kwamba nilishakiri kwako na inatosha. Kwamba unataka kunivua nguo mbele ya kijiji.

Wiki iliyopita nilikwenda kwa Malbranque. Nilimkuta anakula. Nikamwambia kila kitu, hata lile la kwamba neno la sufuria lilikuwa lako na ulilipanga. Aliweka uma chini. Akasema, "Mimi nililipenda. Nililipenda tangu mwanzo. Nilidhani nalipenda kwa sababu mimi ni mgeni na sielewi." Halafu akakasirika kweli kweli. Aliniambia, "Wewe ndiye uliyekuwa sikio langu huko." Nikamuuliza kama sauti yako inaweza kurudishwa. Haiwezekani. Nakala zimeshachapwa zote, filamu imeshauzwa nchi nne, kila mahali utaongea kwa sauti ya Bibi Vautrain. Hakuna atakayelipia kazi hiyo upya. Nilimwomba aliondoe jina langu kwenye orodha ya majina mwishoni mwa filamu, akasema hapana, libaki, nilione.

Walinyamaza, Shangazi. Kwenye "Shuka, Arthur". Kimya kile nilikisikia na nikakichukulia kuwa ni haya yao baada ya kucheka. Niliwahi hata kuwaza kwamba angalau wamestaarabika.

Ukurasa uliouomba umo ndani ya bahasha hii. Sikuupamba. Nimeomba ruhusa kazini nije tarehe kumi na saba, lakini sijui kama nitathubutu.

Ludivine


Fréhisse, 18 Oktoba 1993

Ludivine,

Hatujambo. Baba yako amekubali daktari, baada ya kuanguka bafuni na kuvunja ndoo. Plamu zimekuwa chache mwaka huu.

Hukuja. Nilikuwekea kiti mpaka pazia lilipofunguka.

Nilisimama mbele ya ukumbi nimevaa aproni ya mfungua mlango, nikaukunjua ukurasa wako. Nilikuwa nimeungoja mchana huo tangu Februari. Nilitaka wakukasirikie wote kwa pamoja, nisibaki peke yangu na hasira hii, imeninenepesha. Baba yako alikuwa mstari wa tatu, anatazama viatu vyake. Nilisoma polepole. Sikuongeza neno, sikupunguza. Nikaona nyuso zinakaza, nikasema moyoni, haya sasa.

Nikafika pale. "Aliniuliza kama kweli watu wa kwetu wanaongea hivi. Nikamwambia: kwetu hakuna anayesema hivyo tena."

Sasa fikiria, nimeisema hiyo kwa sauti yangu, sina nyingine, sentensi ndefu nimeiburuta kutoka hapa mpaka Huy, mbele ya watu mia mbili ambao hawajawahi kuongea vinginevyo maisha yao yote. Kwanza hakuna aliyejua afanye nini. Halafu Collignon akauliza kutoka nyuma, akiburuta kuliko hata mimi, "Kumbe! Mbona hakuna aliyetuambia?"

Ukumbi ulipasuka. Watu walipiga miguu mpaka vumbi likatoka kwenye mbao. Mama Collignon alipoteza pumzi, ikabidi apepewe kwa karatasi ya ratiba. Nilimtazama baba yako, nilikuwa namhofia. Alikuwa amefunika uso, mabega yanatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka mpaka ameshika goti bovu kwa mikono miwili.

Nilikuwa bado na hasira yangu yote, nimeishika pale mbele pamoja na karatasi yako, wala hapakuwa na mtu wa kuipokea. Wakaanza kupiga kelele, "Paa! Paa! Tuchezee paa!" Basi nikacheza. Bila paa, bila njiwa, na aproni ya mfungua mlango. Walicheka kwenye sufuria. Kwenye Arthur, nilimsikia mtu wa mwisho ukumbini akimeza mate.

Filamu itaendelea kuzunguka duniani na yule bibi mdomoni mwangu. Hilo halitarudi, nami sijakusamehe. Krismasi njoo, chakula kitakuwepo, lakini hasira yangu utaikuta mezani, nayo ina kiti chake.

Ila nimekuandikia kicheko kile kwa urefu kwa sababu wewe ni mtu wa sauti, na hii huna kwenye mikanda yako. Walikuwa wanacheka maneno yako, Ludivine, na hakuna hata mmoja aliyekuwa anakucheka. Ungekuwa kwenye kile kiti, ungecheka kabla hujakumbuka kuona aibu.

Shangazi yako,
Firmine